Kwa Nini Alijenga Pale?



Kila mara Ziwa linapopanda na kuingia majumbani mwa watu, husikika swali moja hapa Musoma. Husikika sokoni, husikika ndani ya mabasi yaendayo Bunda, na husikika hata uwanjani pa kanisa watu wanapoagana baada ya ibada. Swali lenyewe ni hili: "Kwa nini alijenga pale?" Mara nyingi aulizaye ni mtu ambaye nyumba yake iko juu, na ni kavu.

Swali hili si baya kwa asili yake, na sisi tuliofundisha hatuwezi kulichukia swali. Lakini tumeliona likitumiwa si kama swali bali kama jibu, yaani likitolewa mahali pa debe la mahindi au pa noti wakati mchango unapopitishwa. Hapo ndipo tuonapo kuwa yafaa tulichunguze kwa makini. Ndani yake mna jambo la haki na jambo la huruma, na mambo hayo mawili hayakai chumba kimoja bila kusukumana.

Tuanze na maji yenyewe, maana wengi husemea jambo wasilolijua. Ziwa Victoria lina upana wa kilometa za mraba karibu 69,000, lakini kina chake si kikubwa, wastani wake ni mita 40 hivi. Sehemu kubwa ya maji yake, karibu nne katika tano, ni mvua inyeshayo juu ya Ziwa lenyewe. Mito, pamoja na Mara wetu, na Grumeti, na Kagera, huleta yaliyobaki. Maji hutoka kwa njia mbili tu: mengi hupanda hewani kwa jua, na mengine hupita mlango mmoja huko Jinja, Uganda, yakawa Mto Nile. Chombo kipana namna hii, chenye mlango mwembamba namna ile, kikijaa hakiwezi kupunguka kwa juma moja wala kwa mwezi.

Na hujaa kwa zamu. Mvua kubwa zilianza mwishoni mwa mwaka 1961, miezi ile ile tulipopata Uhuru, na kufikia 1964 Ziwa lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita mbili. Baadaye likaanza kushuka, si kwa mfululizo, lakini lilishuka. Mwaka 2006 lilifika chini kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920. Mahali palipokuwa maji pakawa nchi kavu yenye udongo mweusi mzuri. Watu wakalima mboga, wakapanda migomba, kisha wakajenga. Kijana aliyezaliwa mwaka 1985 alikua akiona Ziwa likirudi nyuma. Angejuaje kwamba alilima mahali ambapo babu yake alivulia samaki? Kisha zikaja mvua za vuli za mwaka 2019, zilizopita kiasi katika Afrika Mashariki yote, na kufikia Mei 2020 Ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita moja na kukifikia kimo cha 1964. Mei 2024 likakipita kimo hicho.

Twataja miaka hii kwa sababu mafuriko ya ziwa si kama mafuriko ya mto, na wanaoyachanganya hutoa mashauri yasiyofaa. Mto huja usiku kama mwizi, huvunja, huua, na baada ya siku mbili au tatu umeondoka, umeacha matope. Ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam katika bonde la Msimbazi, Desemba 2011, watu walipopanda juu ya mapaa wakingoja kuokolewa. Ziwa ni mgeni wa namna nyingine. Huja polepole, hodi zake husikika miezi mingi, na likiisha kuingia halisemi litaondoka lini.

Kwanza hujaa choo. Mwenye nyumba huona maji yakipanda ndani ya shimo la choo majuma mengi kabla hayajafika mlangoni, kwa kuwa maji yaliyo chini ya ardhi hupanda pamoja na Ziwa. Kisha kisima hubadilika, na hapo hapo kipindupindu huwa kimekwisha kupata njia. Kisha ukuta wa matofali mabichi huanza kunyonya maji kutoka chini kama utambi wa koroboi unyonyavyo mafuta ya taa. Lipu hubanduka, na siku moja mchana, bila upepo wala mvua, pembe ya nyumba hukaa chini. Ndiyo maana viroba vya mchanga, ambavyo husaidia sana kuzuia maji ya mto kwa usiku mmoja, hapa havifui dafu. Maji hupita chini yake na kuchomoza katikati ya sakafu. Tena kiboko na mamba hawajui mpaka wa kiwanja. Maji yafikapo nao hufika, na mama anayeteka maji nyuma ya jiko lake yumo hatarini kama aliye ziwani.

Familia hiyo huenda wapi? Huenda kwa ndugu. Watu tisa huingia katika vyumba viwili vya mjomba, na majuma ya kwanza hupokewa kwa furaha, kuku huchinjwa. Mwezi wa tatu chumvi huanza kuhesabiwa. Mwezi wa sita watoto wamekwisha kubadilishwa shule mara mbili. Jambo hili halipigwi picha na magazeti, lakini sisi twaona ndilo sehemu kubwa ya maafa: si siku ile maji yalipoingia, bali mwaka mzima wa kuwa mzigo katika nyumba ya mwingine.

Basi, tumrudie huyu aulizaye.

Huenda ni ndugu yetu wa Bunda, kutoka vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti na pori la akiba la Grumeti. Yeye huyo wakati wa mavuno halali nyumbani kwake. Hulala shambani juu ya dungu, ana madebe ya kupiga na tochi, na pengine amezungushia shamba kamba zilizopakwa mafuta machafu na pilipili, kwa sababu tembo kumi wakiingia saa nane usiku hula kwa saa moja chakula cha nyumba kwa mwaka. Wako waliouawa. Ukimwuliza mtu wa Musoma habari hizo atashangaa sana, naye atasema, "Kwa nini wanakaa pale?"

Huenda ni mtu wa Butiama. Vilimani kule hakuna ziwa la kuingia sebuleni. Lakini vuli ikikosa, mtama husimama ukiwa umefika magotini na kukauka hapo hapo, na ng'ombe huuzwa kwa bei ya mbuzi. Mvuvi wa Majita huwatazama na kusema moyoni, "Watu hawa wanamtegemeaje Mungu kwa mvua tu, na Ziwa liko hapa limejaa samaki?"

Hivyo kila mmoja wetu amezoea hatari ya nyumbani kwake hata haioni tena kuwa hatari. Huiita kazi, au huiita majira ya mwaka. Ya mwenzake ndiyo huiita upumbavu. Nasi twaweza kuendelea hivi kuizunguka nchi yote. Bukoba, ng'ambo ya Ziwa, ardhi ilitetemeka tarehe 10 Septemba 2016, nyumba nyingi zikaanguka na watu zaidi ya kumi na tano wakafa. Wenyeji walikuwa wamejenga kwa matofali ya kuchoma, wakijisifu kwa haki kwamba wameacha nyumba za nyasi. Katesh, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023 asubuhi, sehemu ya mlima iliyolowa mvua ilimeguka ikashuka kama uji pamoja na mawe na magogo, ikaua watu zaidi ya themanini. Mapema Mei 2024, wakati Ziwa letu likiwa juu kabisa, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika pwani ya Bahari ya Hindi upande wa Mafia. Na Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa shule ya sekondari huko Bukombe, mkoani Geita. Hao je? Nani atauliza kwa nini walikuwa darasani?

Tunaona, basi, kwamba hakuna mahali pa kuhamia ambapo hapana jambo. Lakini tusikimbilie kusema kuwa kwa hiyo hakuna mtu mwenye lawama yoyote. Hilo lingekuwa rahisi mno, na si kweli. Tembo na ukame ni mambo ya mahali. Kujenga nyumba ya kulala wageni juu ya matete yaliyofukiwa kwa kifusi, mita kumi kutoka majini, ni jambo la mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari, shughuli za kudumu zisifanyike humo. Sheria hiyo haikutungwa ili kuwaudhi watu. Wako walioijua wakacheka.

Ugumu ni kwamba maneno yale manne, "kwa nini alijenga pale", humtupa kila mmoja katika kapu moja. Tukikaa na watu wa pwani kwa utulivu na kuwasikiliza, twakuta makundi mbalimbali. Yuko mvuvi, ambaye kazi yake iko mwaloni. Mtumbwi na nyavu haviachwi peke yake usiku, kila mtu wa Mara anajua sababu. Yuko mjane aliyeachiwa kiwanja na marehemu mumewe, wala hakuulizwa lolote kilipokuwa kikinunuliwa. Wako wazee ambao wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, walielekezwa mahali pa kujenga pamoja na wenzao, wakajenga. Watoto wao wamerithi nyumba si uamuzi. Yuko mtumishi aliyeweka akiba kwa miaka kumi na miwili, akauziwa kiwanja wakati wa kiangazi, mashahidi wakatia sahihi, ada ikalipwa, muhuri ukapigwa. Yeye aliuliza kama maji hufika pale. Aliambiwa hayafiki.

Mbona hatuulizi, "Kwa nini aliuza pale?" Swali hilo hatujalisikia sokoni hata mara moja. Muuzaji yuko kavu, fedha amekwisha kuzila, na pengine huketi nasi mbele. Naye mzee aliyeiona 1964 kwa macho yake, akajua maji yalifika mwembe upi, akanyamaza ili asiharibu biashara ya mpwa wake, ana sehemu kubwa kuliko mnunuzi. Kujua na kunyamaza ni tendo.

Tena maji ya mabonde hayatoki mbinguni moja kwa moja kuja chini. Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita Serengeti, hufika kwetu kwenye madimbwi makubwa ya matete kabla ya daraja la Kirumi na Ziwa. Msitu ukikatwa kule juu, mvua ile ile hushuka kwa haraka zaidi, nao mto huwa na hasira mvua ikinyesha na huwa mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Kwa kipimo kidogo ndivyo ilivyo hapa hapa kwetu. Mwenye shamba mlimani akilima kwa kuufuata mteremko, akaondoa majani yote na makinga maji ambayo zamani mabwana shamba walihimiza mpaka watu wakawachukia, maji ya shamba lake hupita katika nyumba ya aliye chini. Anayekaa juu asijione kuwa mtazamaji tu.

Wasomaji wa Maandiko mtakumbuka habari ya mnara wa Siloamu katika Injili ya Luka, mnara ulioanguka ukaua watu kumi na wanane, na swali lililoulizwa juu yao, kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Jibu lilikuwa hapana, kisha waliosikiliza wakageuziwa swali kuelekea kwao wenyewe. Wapo pia wanaoutumia mfano wa nyumba iliyojengwa juu ya mchanga kana kwamba ni somo la kupima viwanja. Mfano ule wahusu mtu asikiaye asitende. Mtu aliye juu ya mwamba, amesikia habari za jirani yake na asitende kitu, na ajitafutie mahali pake katika mfano huo.

Hata hivyo wako wenye hoja nzuri kuliko hiyo, nasi tusiwadharau. Husema: "Tukiwasaidia kila mara, tunawafundisha kukaa hatarini. Kesho watajenga tena pale pale wakijua tutachanga." Hoja hii ina uzito. Serikali nayo huifikiria. Katika kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioharibiwa mazao au kuumizwa na wanyamapori, malipo ya mazao yalipangwa kwa kutazama umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Aliyelima karibu sana na mpaka hakuhesabiwa sawa na aliyelima mbali. Maana yake ni kwamba hata sheria hukubali kuwa mtu ana sehemu yake katika kuchagua mahali.

Lakini tutazame vizuri kinachotolewa ni nini. Kuna unga, maharage, blanketi, dawa ya kutibu maji, mahali pa kulala mama na watoto. Hivi havina swali. Mtoto aliyelowa hana kosa la kiwanja, na baba yake hata kama alikosa ana njaa ile ile. Wala hatujamwona mtu aliyejenga nyumba kwa kutumaini unga wa mchango. Huo ni utani wa walioshiba. Hapo kauli ya "kwa nini alijenga pale" haina mahali kabisa.

Kisha kuna matofali, mabati na saruji. Hivi ni jambo jingine. Sisi twaona kwamba kumsaidia mtu kuinua ukuta pale pale ulipoanguka si huruma, bali ni kumwandalia maafa ya pili kwa mkono wetu, na itupasa tuwe na ujasiri wa kumwambia hivyo uso kwa uso. Ni neno chungu. Mama mwenye kaburi la mumewe katika kiwanja kile hatalipokea kwa urahisi, na hatuna haki ya kumharakisha. Lakini likiwa ni neno la kweli, lisemwe na anayempenda kabla halijasemwa na Ziwa.

Tatizo ni kwamba anayesema "usijenge hapa" anadaiwa neno la pili, nalo ni "jenga pale". Bila hilo la pili, la kwanza ni kelele. Zamani, mgeni alipofika katika nchi zetu hizi, kwa Wajita, kwa Wakwaya, kwa Wazanaki, alikwenda kwa wenyeji akaonyeshwa mahali pa kujenga na kulima, naye akaishi kwa masharti ya ujirani. Siku hizi ardhi ni ya bei, na aliye mlimani ana ekari tatu za vichaka anazozingojea zipande thamani kwa ajili ya wanawe walioko Mwanza na Dar es Salaam. Hatusemi azitoe zote. Twasema kwamba kipande cha hatua ishirini kwa thelathini, kwa bei ambayo mjane aweza kuilipa kidogo kidogo, chenye maandishi na mashahidi, kingefanya kazi kuliko michango mitano ya unga. Na hapo ndipo tutakapojua kama swali letu lilikuwa swali. Mwenye kuuliza kwa dhati kwa nini fulani alijenga kule chini, bila shaka atakuwa tayari kusikia jibu, hata kama jibu ni kwamba huku juu hakuna aliyemuuzia.

Kwa wavuvi yako mengine ya kufikiriwa. Mwalo hauwezi kuhamia mlimani. Lakini kitu kinachopaswa kuwa majini ni mtumbwi, nyavu, na mlinzi wa zamu katika kibanda cha mabati na miti ambacho hata kikienda na maji hakuna wa kulia. Jiko, vitanda vya watoto, cheti cha ndoa na daftari za shule si lazima vilale hapo. Kambi zilizotenga hivyo, kulala juu na kufanya kazi chini, zilipoteza vitu vichache. Kutembea nusu saa kabla ya alfajiri ni taabu, hasa kwa wenye umri wetu, lakini vijana wetu hutembea zaidi ya hapo kwenda kutazama mpira.

Nalo jambo la kumbukumbu lisiachwe. Ziwa litashuka tena, kama lilivyoshuka baada ya 1964, na udongo mweusi utaonekana, na muuzaji atakuja na kamba ya kupimia. Waliokuwapo Mei 2024 wanajua maji yalifika jiwe gani hapa Musoma, mti gani kule Majita, na nguzo gani ya ua katika vijiji vya Bunda vilivyo kando ya Ghuba ya Speke. Rangi ya mafuta kopo moja na brashi vyatosha kwa mwambao wa kijiji kizima, na walimu wa shule za msingi wakiombwa na wenyeviti wa vijiji wanaweza kuwatoa wanafunzi wa darasa la sita asubuhi moja, wakaongozwa na mvuvi mmoja mwenye kumbukumbu nzuri. Alama iandikwe na mwaka. Wale wenye kuikumbuka 1964 waulizwe sasa, maana wamebaki wachache, na wawili tunaowafahamu hawatoki tena nje bila kushikwa mkono.